Maswali kwa Mama wa Daftari: Msimu Ule wa Atlético

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba msimu wa Hispania nilioupenda kuliko yote ni ule wa 2013/14, Atlético Madrid walipobeba ubingwa. Mstari huo mmoja umeniletea barua nyingi kuliko zile za Simba na Yanga, basi leo ukurasa wote nimewaachia. Kwa wasomaji wageni: mimi na mume wangu tulikuwa na banda la mpira Chang'ombe, hapa Dodoma, kibanda umiza cha mabati chenye mabenchi 12. Yeye alishughulika na mitambo, mimi nilikaa mlangoni nikipokea kiingilio na kukaanga mihogo. Daftari lilianza kwa sababu ya ugomvi. Vijana walikuwa wakiwekeana soda juu ya pointi, kila mtu na hesabu zake kichwani, mpaka siku moja wakavunja benchi. Kuanzia hapo nikawa naandika kila mechi: tarehe, nani kacheza na nani, mabao, pointi. Likizuka bishano, nafungua ukurasa, mambo yanaisha. Madaftari yote bado ninayo.

Shikamoo mama. Kijiweni kwetu tunabishana wiki ya pili sasa. Mwenzetu anasema siku ya mwisho Barcelona wangeifunga Atlético, Barcelona ndio wangekuwa mabingwa. Mimi nasema wangelingana tu pointi, halafu ingebidi kuhesabu mabao. Tuamulie.
*Dereva wa bodaboda, Kizota*

Marahaba mwanangu. Mwenzako amepatia, na wewe umekosea nusu tu. Mei 17, 2014, kabla mpira haujaanza, Atlético walikuwa na pointi 89 na Barcelona 86, na mechi ya mwisho ikawakutanisha hao hao wawili, Camp Nou, uwanja wa Barca. Barca wakishinda, wote wana 89. Hapo uko sawa. Lakini Hispania timu zikilingana hawaanzi na mabao ya msimu mzima kama tulivyozoea kuhesabu sisi, na kama Waingereza, ambako Manchester City na Manchester United walifungana kwa pointi 89 mwaka 2012 na ubingwa ukaamuliwa kwa tofauti ya mabao. Wahispania wanauliza kwanza: nyie wawili mlipokutana, nani alimzidi mwenzake? Wanazitoa pembeni zile mechi mbili za wao kwa wao na kuzijumlisha. Wakilingana na hapo, ndipo wanapoangalia mabao mengine.

Mzunguko wa kwanza walitoka 0-0 kwenye uwanja wa Atlético, Vicente Calderón, Januari 11. Kwa hiyo hata bao moja tu la Barca siku ya mwisho, bila majibu, lingewapa kombe. Na kwa ile njia yako ya mabao wangepita vilevile, maana walifunga 100 msimu ule na kufungwa 33, wakati Atlético walifunga 77 na kufungwa 26. Atlético walibakiwa na mlango mmoja tu, nao ni kutofungwa.

Ukitaka kuona kanuni hii inavyouma, mwambie mwenzako akutafutie msimu wa 2006/07. Real Madrid na Barcelona walimaliza na pointi 76 kila mmoja. Barca mabao 78 ya kufunga, 33 ya kufungwa. Real 66 na 40. Kwa mabao, Barca bingwa na hakuna wa kubisha. Lakini Real walikuwa wameshinda 2-0 nyumbani kwao Bernabéu, na Camp Nou ikawa 3-3, usiku ambao Messi, kijana wa miaka 19, alifunga yote matatu ya Barca. Watu walilala wakiisifia hat-trick ya mtoto yule. Miezi mitatu baadaye sare ile na kile kipigo cha Bernabéu ndivyo vilivyopeleka kombe Madrid.

Ndiyo maana nataka nikusimulie kuhusu ile 0-0 ya Januari. Januari kwetu ni mvua, nusu ya wateja wako mashambani wanapalilia, na usiku ule iliponyesha ilipiga bati hadi mtangazaji hakusikika. Kocha wa Barca, Gerardo Martino, aliwaanzisha benchi Messi na Neymar wote wawili. Banda likalalamika. Mpira wenyewe ulikuwa wa kukabana katikati, miguu kwa miguu, mabeki wa Atlético wamejipanga kama ukuta wa tembe, hapapenyeki. Mwisho bila bila. Kijana mmoja shabiki wa Barca akaja mlangoni akitaka arudishiwe 500 yake kwa kuwa hakuna alichokiona. Nilikataa, akatoka kwa hasira na mvua ikamnyeshea. Sasa Mei 17 kijana huyo alifika saa kumi na moja jioni, mpira saa moja usiku, akakaa benchi la mbele, na kitu cha kwanza alichoniomba ni daftari. Akafungua mwenyewe mpaka Januari 11, akaweka kidole pale penye 0-0, akakaa hivyo muda mrefu bila kusema neno. Alikuwa ameshapiga hesabu. Ile mechi aliyoona haina thamani ya shilingi 500 ndiyo iliyokuwa inawapa nafasi.

Mama, naheshimu sana safu yako, lakini Atlético walibahatika tu. Bao la Messi lilikataliwa, na Barca na Real walikuwa na mwaka mbaya. Kubali.
*Mwalimu, Manyoni*

Kaka mwalimu, la bao nakubali, na nalikubali kwa moyo mweupe. Kipindi cha pili, ikiwa 1-1, Messi aliweka mpira wavuni, kibendera kikapanda kwamba ameotea. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Mimi naona mpira ulimfikia ukitoka kwa beki wa Atlético, Juanfran, na bao lile lilikuwa halali. Msimu ule hakukuwa na video ya kumsaidia mwamuzi Hispania. Barca walidhulumiwa dakika ile, na ningekuwa shabiki wao ningeisema mpaka kaburini.

Ila bahati haifanyi kazi mara sita. Hesabu nami. Agosti walikutana mara mbili kwenye Super Cup ya Hispania: 1-1 na 0-0. Januari kwenye ligi: 0-0. Aprili robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya: 1-1 Camp Nou, kisha 1-0 Calderón, Koke akifunga dakika ya 5 tu. Mei: 1-1. Mechi sita, na Barcelona yenye Messi, Neymar, Xavi na Iniesta haikushinda hata moja, wala haikupata zaidi ya bao moja katika mechi yoyote. Kwa mabao yote saba ya mechi hizo sita, Barca walipata matatu. Umewahi kuona bahati ya namna hiyo, ya kukaa na mtu kuanzia Agosti hadi Mei?

Na la mwaka mbaya silikubali kabisa. Real walifunga mabao 104. Barca 100. Wote walimaliza na pointi 87, na 87 kwenye ligi nyingi inakuvisha taji. Tangu Valencia walipobeba mwaka 2004, kombe lilikuwa linazunguka kati ya hao wawili tu, miaka tisa mfululizo. Na si ajabu. Wakati ule kila klabu ya Hispania iliuza mechi zake kwa televisheni peke yake, na Real na Barca kila mmoja alivuna zaidi ya mara tatu ya walichopata Atlético. Mwaka 2015 ndipo serikali ilipotoa amri haki hizo ziuzwe kwa pamoja. Kiangazi cha 2013 Atlético walimuuza mfungaji wao mkubwa, Radamel Falcao, kwenda Monaco. Wakamchukua David Villa kutoka Barcelona kwa fedha kidogo, watu wakisema ameshazeeka. Kipa wao, Thibaut Courtois, alikuwa wa kuazimwa kutoka Chelsea. Diego Costa akabeba mzigo wa Falcao na kufunga 27 kwenye ligi. Septemba 28 walienda Bernabéu wakashinda 1-0, bao la huyo huyo Costa. Mtu aliyepungukiwa hivyo akimaliza mbele ya hao wawili kwa pointi 90, mimi nasimama namheshimu.

Lakini kaka, kama unataka kusema ligi ile nusura iwaponyoke, hapo tutakaa meza moja. Mei ile sikulala vizuri. Mei 3 Barca walitoka 2-2 na Getafe, tukadhani wameaga. Kesho yake Atlético wakaenda kwa Levante, timu isiyowania chochote, wakafungwa 2-0, la kwanza wakijifunga wenyewe. Usiku huo huo Real nao 2-2 na Valencia. Tarehe 7 Real 1-1 na Valladolid. Tarehe 11 Atlético walikuwa nyumbani na Málaga. Wakishinda, na Barca wasiposhinda, wamemaliza kazi. Wakatangulia kufungwa, Alderweireld akasawazisha kwa kichwa, na dakika za nyongeza Adrián akapiga shuti ambalo kipa Willy Caballero alilifuata angani na kulitoa. Ikaisha 1-1. Jioni hiyo hiyo Barca 0-0 na Elche, Real wakafungwa 2-0 na Celta. Kurasa mbili za daftari, timu tatu, na kila mmoja anadondosha pointi kama gunia la mtama lililotoboka. Nimeandika matokeo ya misimu mingi; sijaona Mei kama ile.

Shikamoo mama. Nina miaka 16, nipo kidato cha tatu. Napenda mpira lakini kaka zangu wanasema nimekariri majina tu. Naomba unieleze: Luis ni nani, ambaye watu wa Atlético walimtaja sana mwaka ule? Na mimi naweza kuanza daftari?
*Msichana wa Mpwapwa*

Marahaba mwanangu, mbukwa. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Luis ni Luis Aragonés. Alicheza Atlético, akafunga mabao mengi, kisha akawa kocha wao kwa vipindi kadhaa. Mwaka 1974, fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Bayern Munich, alifunga kwa mpira wa adhabu katika muda wa ziada, na Bayern wakasawazisha mwishoni kabisa. Mechi ikarudiwa na Atlético wakafungwa 4-0. Jeraha hilo walilibeba miaka mingi. Baadaye akaifundisha timu ya taifa ya Hispania na kuipa ubingwa wa Ulaya mwaka 2008, wakaanza kucheza ule mpira wa pasi fupi fupi ulimwengu wote ukauiga. Alifariki Februari 1, 2014, katikati ya msimu huu tunaouzungumza. Siku hiyo hiyo Barca walifungwa 3-2 nyumbani na Valencia. Kesho yake Atlético, wakiwa bado na msiba, waliifunga Real Sociedad 4-0 na kukaa kileleni peke yao. Wiki iliyofuata wakafungwa 2-0 na Almería. Mwezi haujaisha wakapigwa 3-0 na Osasuna. Msiba hauendi kwa mstari ulionyooka, mwanangu, hata uwanjani.

Barca nao walikuwa na wao. Tito Vilanova, aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia akiwa anatibiwa saratani, alifariki Aprili 25 akiwa na miaka 45. Kila ninapofikia ukurasa wa mwezi ule nakumbuka kwamba timu zote mbili zilizosimama Camp Nou siku ya mwisho zilikuwa zimezika mtu wao.

Daftari anza leo, usingoje msimu mpya. Chukua la kurasa 96, chora mistari kwa rula: tarehe, wenyeji, wageni, mabao, wafungaji, pointi. Safu ya wafungaji usiiache, mimi niliiacha miaka miwili ya kwanza na najuta mpaka leo. Acha mstari mmoja mtupu chini ya kila mechi uandike kitu ulichokiona wewe mwenyewe, si alichokisema mtangazaji. Kocha wa Atlético, Diego Simeone, kila akiulizwa kuhusu ubingwa alijibu "partido a partido", yaani mechi baada ya mechi, na daftari linaandikwa hivyo hivyo. Kaka zako wakibisha, wewe fungua ukurasa. Nami nikija Mpwapwa ningependa kuliona.

Mama, timu zipi zilishuka daraja msimu huo?
*Msomaji, Singida*

Real Betis, Valladolid na Osasuna. Betis walimaliza na pointi 25, wakashuka mapema. Osasuna waliondoka na 39, Almería wakapona na 40. Hiyo Osasuna ndiyo iliyowafunga Atlético 3-0 Februari, na hiyo Valladolid ndiyo iliyowabana Real Mei 7.

Kwa nini hutaji Lisbon?
*Msomaji, Kondoa*

Kwa sababu mlikuwa mmeuliza ya ligi. Lakini sawa. Mei 24, wiki moja baada ya ubingwa, Atlético na Real walikutana Lisbon, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Godín, beki wa Atlético, alitangulia kufunga, na Sergio Ramos wa Real akasawazisha dakika ya 93. Muda wa ziada ukawamaliza Atlético, 4-1. Costa aliingia na jeraha lake la wiki iliyopita, akatoka kabla ya dakika ya 10. Ukurasa ule niliuandika kesho yake. Usiku ule mkono ulikataa.

Mama mwenye banda, salaam. Mimi nilikuwa mteja wako, benchi la nyuma karibu na nguzo. Siku ya Barcelona na Atlético nakumbuka giza, nakumbuka watu wanapiga kelele, lakini bao la Godín sikuliona. Miaka yote nadhani nilisinzia. Nini kilitokea?
*Mzee wa Kikuyu, Dodoma*

Mzee wangu, shikamoo. Hukusinzia. Hakuna mtu ndani ya banda lile aliyeliona likiingia, hata mimi.

Kipindi cha kwanza tulikiona chote. Dakika ya 16 Costa akatoka, msuli umekataa. Dakika ya 23 Arda Turan naye akatoka, akakaa benchi akilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na upawa mkononi, mihogo ikaungua bila kujua. Dakika ya 33 Messi akautuliza mpira kwa kifua, Alexis Sánchez akaupiga kutoka pembeni, pembe finyu kabisa, ukapita juu ya Courtois. Camp Nou ikalipuka, na banda letu, ambalo zaidi ya nusu lilikuwa Barca, likasimama juu ya mabenchi. Wewe pale kwenye nguzo ulikaa, nakumbuka, kwa sababu ulikuwa wa Real.

Mapumziko yalipoisha, timu zikiwa zinaingia, umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Mume wangu akakimbilia jenereta nyuma ya banda, akavuta kamba mara tatu, haikushika. Tangi lilikuwa tupu. Dumu la petroli tulikuwa tumelimalizia juzi yake na kila mmoja akidhani mwenzake amejaza. Nikachukua chupa ya lita moja, nikavuka barabara kwa kijana wa bodaboda, nikamwomba anipunguzie kwenye pikipiki yake. Alipiga magoti kwenye vumbi akachomoa mpira wa mafuta, tukamulika kwa simu, petroli ikatiririka kwenye chupa na kwenye vidole vyangu. Upepo wa Mei unaujua, ule wa baridi unaoanza kushuka jioni, vidole viliganda. Nikiwa pale ndipo nikasikia kelele kutoka baa ya barabara kuu, wao walikuwa na jenereta kubwa. Kelele za bao. Yule kijana akaniuliza, "Mama, nani?" Sikuwa na jibu.

Jenereta ikawaka. Televisheni ikawaka. King'amuzi kikaanza taratibu zake za kutafuta mawimbi, ile mistari inayojaa polepole, na watu zaidi ya 60 wakiwa kimya wanaitazama mistari hiyo. Picha ilipokuja, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa kona ya juu ya kioo: 1-1. Banda likaguna kwa pamoja. Kisha wakarudisha: kona imepigwa na Gabi, Godín anapanda katikati ya mabeki wa Barca, anaupiga kichwa, kipa Pinto anabaki kutazama. Dakika ya 49. Tuliona marudio, mzee wangu, hilo ndilo ulilolikosa pale gizani ukitafuta pa kuegemea.

Zilizobaki uliziona. Dakika 40 za Barca kushambulia, Miranda na Godín wakiondoa kila kinachokuja, lile bao la Messi lililokataliwa, mume wangu akichungulia tangi kila baada ya muda kwa sababu lita moja haiendi mbali. Filimbi ilipolia mashabiki wa Camp Nou walisimama wakawapigia makofi Atlético, nyumbani kwao, kombe likiwa limewatoka mikononi. Ndani ya banda yule kijana wa benchi la mbele alikuwa bado ameshika daftari langu. Nililichukua mapajani mwake nikaandika: Mei 17, Barcelona 1-1 Atlético, Alexis 33, Godín 49. Sikuwa nimenawa. Kona ya ukurasa ule ina alama ya vidole viwili vya petroli, rangi ya chai, na nikiufungua karibu na pua nahisi kama harufu bado ipo.